Kwetu Hapewi Mtu Tano

Mtu akitaka kujua Vesterby ni mji wa namna gani, namwambia akamuulize Orville Tveit hali yake. Orville akiwa mzima atajibu, "Si mbaya." Mwaka ule dhoruba ya theluji ilipoua nusu ya ng'ombe wake alijibu, "Si mbaya sana." Na siku ile mashine ya kufungia majani makavu ilipomla vidole viwili, aliingia zahanati kwa miguu yake, mkono ukiwa ndani ya kofia, akakaa kusubiri zamu yake nyuma ya mtoto mwenye mafua. Mimi ndiye ninayekaa mapokezi. Nilipomuuliza ana shida gani, alisema hana haraka.

Hao ndio watu wangu, na siwezi kuwakana, maana nimezaliwa nao na sura zetu zinafanana. Babu zetu walivuka bahari kuja kulima ngano katika nchi tambarare yenye upepo, na nadhani waliacha maneno ya kusifu bandarini ili kupunguza mzigo. Bibi harusi akiulizwa anajionaje, atakuambia gauni linamtosha. Chakula kikiwa kitamu, tunasema kimeliwa.

Sasa katika mji huu huu, mwaka huu, leseni ya mtu wa maana kuliko wote ilikuja kutegemea nani atamsifu nani. Ningekuwa sikuwepo, nisingeamini.

Mtu mwenyewe ni Corinne Haugstad, tabibu wetu. Corinne si daktari na si nesi. Amesomea kutibu, anaandika dawa, anashona, anafunga mifupa, na karatasi zake ziko chini ya jina la daktari fulani wa mji mkubwa ambaye tunamwona mara moja moja kama kupatwa kwa mwezi. Kwa mambo yote ya kweli, hospitali yetu ni Corinne. Mwenye kuumwa Vesterby asipomkuta yeye, atafunga safari ya zaidi ya saa nzima, kama barabara inapitika.

Kila leseni inapokaribia kuisha, jimbo linamtaka Corinne athibitishe kwamba ameendelea kusoma. Kwa hilo sina ugomvi. Nani anataka kushonwa na mtu aliyefunga kitabu siku aliyovaa joho? Ugomvi wangu ni mwingine. Tabibu wa mjini, ambako wako wengi, anaaga wenzake, anakwenda semina ya hotelini yenye bwawa la kuogelea, anarudi na saa zake zote za masomo na rangi ya jua usoni. Tabibu aliye peke yake akienda semina, zahanati inafungwa. Hivyo anayekaa kutibu watu ndiye anayeonekana hajasoma, na anayeonekana amesoma ndiye asiyekuwepo ulipougua.

Masomo ya mtandaoni Corinne alikuwa ameyamaliza, mkate mkononi, wakati wa chakula cha mchana. Yaliyobaki ni yale yanayotakiwa kufanywa ana kwa ana, mwalimu mbele na wanafunzi kwenye viti. Alikuwa amejiandikisha semina ya mji mkuu mwezi wa Januari. Theluji ikafunga barabara, na siku hiyo hiyo akamzalisha binti wa Skogen kwenye chumba cha kufungia vidonda, mtoto akiwa ametanguliza makalio. Mtoto mzima, mama mzima. Nilipiga simu ofisi ya masomo nikauliza kama kuzalisha mtoto wa namna ile katikati ya dhoruba kunaweza kuhesabiwa. Mratibu alinijibu kwa upole kwamba kungehesabiwa, kama pangekuwa na mwalimu aliyeidhinishwa na fomu za tathmini.

Leseni ilikuwa inakufa mwisho wa Machi. Ikifa, Corinne haruhusiwi kumwandikia mtu hata dawa ya kikohozi. Na zahanati ni ya hospitali moja ya mjini, ambayo ilishaifunga ile ya jirani zetu wa Lund "kwa muda". Muda huo mpaka leo haujaisha, na jengo sasa linauza matairi. Kwa hiyo tulijua. Hakuna aliyelisema, lakini sote tulijua.

Mratibu ndiye aliyetupa njia. Hospitali ya mkoa ina utaratibu wa kumtuma mwalimu kwenye mji mdogo, bure, mradi wapatikane wanafunzi kumi wa fani ya afya. Kumi, Vesterby. Tulikuwa na Corinne, na mfamasia, na nesi mmoja mstaafu. Waliobaki tuliwapata kwenye gari la wagonjwa, maana wanaoliendesha ni wakulima wa kujitolea wenye vyeti vya huduma ya kwanza. Mkuu wao ni Orville. Dereva ni Duane Skogen, jitu la watu lisiloongea. Mimi sikuhesabiwa. Kumbe kukaa mapokezi miaka yote, ukimjua kila mtu na ugonjwa wake, si fani ya afya.

Mwalimu aliyekuja anaitwa Daktari Amato, mwanamke wa makamo kutoka pwani ya mashariki, kwa watu wanaobusiana wakikutana. Somo lake lilihusu kumsikiliza mgonjwa mwenye maumivu. Tulimpokea katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na kina mama wakapanga vyakula: viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, maharage, na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani. Akaonja jeli, akafumba macho, akasema ni ya ajabu. Watu walitazama sakafu kwa kumwonea haya. Akausifu ukumbi, akasifu mapazia, akamwambia Duane ana mikono mizuri. Duane aliificha mezani mpaka somo likaisha.

Alifundisha vizuri, hata mimi niliyekuwa jikoni nikisuuza vikombe nilisikia. Alieleza ile hesabu ya kumuuliza mgonjwa maumivu yake ni ngapi, kuanzia moja mpaka kumi, na akaonyesha picha za nyuso, ya kwanza inacheka na ya mwisho inalia. Wanaume wetu walikaa viti vya nyuma, kama kawaida, safu tatu za mbele tupu. Hakuna aliyeuliza swali. Alipomaliza, Duane alisimama akasema, "Haya," jambo ambalo kwetu ni sawa na ukumbi mzima kupiga makofi. Kisha akatoka kumfutia theluji kwenye gari lake, akalifuta lote mpaka taa za nyuma.

Wiki iliyofuata mratibu akapiga simu.

"LaVonne," akaniambia, "naomba unieleze kitu. Mlimchukia Daktari Amato?"

"Nani amchukie? Watu wamempenda. Duane kamfutia gari."

"Mbona fomu za tathmini zote zina tatu? Kila swali, kila mtu, tatu juu ya tano. Nimefanya kazi hii muda mrefu, sijawahi kuona. Nilidhani mmenakili."

"Tatu si nzuri?"

"Wastani lazima uzidi tatu. Usipozidi, somo halihesabiwi. Ninyi mmepata tatu kamili."

Nilimwita Corinne akaja na glavu mkononi. Nilipomweleza, alizivua kidole kimoja kimoja.

"Na wewe ulimpa tatu?" nikamuuliza.

"Tatu imeandikwa 'inaridhisha', LaVonne. Niliridhika."

"Mama wee. Umejinyonga na kamba yako mwenyewe."

"Sasa nilitakiwa niandike nini? Tano ni 'bora kabisa'. Bora kabisa kuliko nini? Nimesoma fomu, nikajibu fomu."

Mratibu, Mungu ambariki, hakutaka tufe hivi hivi. Alisema Daktari Amato yuko tayari kurudi Jumamosi ya mwisho ya Machi kurudia somo, safari hii kwa vitendo zaidi. Ila akaonya: ni marufuku mtu yeyote kuwaomba wanafunzi alama. Ikigundulika, kila kitu kinafutwa.

Corinne, aliyesikia yote kwenye spika, akanitazama mimi, wala si simu. "Umesikia? Usithubutu. Leseni ya kuombewa alama mlangoni siitaki. Nikiitundika ukutani nitakuwa nainama nikipita."

Nikasema nimesikia. Sikusema nimekubali. Corinne aliniuguzia mama yangu mpaka pumzi ya mwisho, akawa anakuja nyumbani baada ya kazi bila kuitwa. Kama ilikuwa lazima nitende dhambi kwa ajili yake, dhambi hii ilikuwa ndogo. Nikamfuata Duane kwenye ghala la nafaka.

"Duane, ile fomu ya Jumamosi. Mkono wako ukiteleza ukaandika nne, kuna mtu atakufa?"

Akafikiri. Duane akifikiri unaweza kwenda kununua maziwa ukarudi.

"Yule daktari wa mjini aliyemrudishia Harlan mguu uliokatika," akasema. "Yule ni nne."

"Sawa, basi."

"Sasa huyu mama akiwa nne kwa kuongea tu, yule wa mguu tumpe ngapi?"

"Mpe tano."

Alinitazama kama nimemwomba aniibie gunia. "LaVonne. Kwani yule mguu wa Harlan uliota upya? Si anachechemea?"

Nilitoka pale nikiwa na hasira hata upepo sikuusikia. Nikaenda kwa Verna, mke wa Orville, nikidhani mwanamke mwenzangu atanielewa. Alikuwa akikanda mikate ya viazi.

"Orville kutoa nne?" Verna akacheka puani. "Shoga, uliza mambo mengine. Nilipomzalia mtoto wa kwanza, saa zote zile za uchungu, akaletewa mtoto akamgeuza huku na huku, akasema, 'Atafaa.'"

"Na wewe alikuambiaje?"

"Mimi? Akaniuliza kama nimeshakula."

Akaendelea kukanda. Alicheka, lakini aliukanda ule unga kuliko unga unavyohitaji.

Siku mbili tatu baadaye Daktari Amato mwenyewe akapiga simu zahanati. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niambie ukweli, LaVonne, sitakasirika. Niliwakosea nini? Nilifundisha madaktari wenye majivuno wakanipa tano. Ninyi mlinilisha, mkanifutia gari, mkanipa tatu."

Nikaona kumweleza si kuomba alama. Nikamsimulia vidole vya Orville, na ile kofia, na mtoto wa mafua. "Corinne alipomuuliza maumivu ni ngapi juu ya kumi, alijibu mbili. Akiukunja mkono, tatu."

"Vidole vimekatika, akasema tatu?"

"Akiukunja."

"Kwa hiyo mtu wa huko akikuambia tatu, unafanyaje?"

"Mimi mtu akiniambia tatu naita gari."

Nikasikia kalamu inaandika. Kisha akasema asante, mara moja tu, bila neno la ajabu wala nini, na nikafikiri labda anaanza kutuelewa.

Jumamosi ikafika, anga ya kijivu na upepo wa kung'oa kofia. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa mlangoni pa kanisa, maana wenyewe wote walikuwa darasani. Daktari Amato alivaa sweta ya kawaida. Akala jeli ya kijani, akafuta mdomo, akasema, "Imeliwa." Nikaona bega la Verna linatikisika kwa kicheko.

Alihitaji mtu wa kuigiza mgonjwa mbele ya darasa. Hakuna aliyenyanyua mkono, kwetu mikono hainyanyuliwi, kwa hiyo akamchagua Orville, kwa kuwa alikuwa amekaa karibu na mlango. Orville akaja mbele polepole, akakaa kwenye kiti, akashika kofia magotini.

"Bwana Tveit, una maumivu leo?"

"Kidogo."

"Moja mpaka kumi, ungeyapa ngapi?"

Orville akafikiri. "Tatu hivi."

Watu wakaguna kwa kufurahi. Duane akasema kutoka nyuma, na kwa Duane hiyo ilikuwa hotuba, "Mzee leo anaigiza vizuri."

Verna alikuwa mlangoni pa jiko na birika la kahawa. "Orville hajui kuigiza," akasema.

Daktari Amato hakuwa amecheka. Alikuwa ameshaweka kalamu chini. "Maumivu yako wapi, Bwana Tveit?"

"Hapa kifuani. Na huku kwenye taya, upande huu. Tangu nilipolisha ng'ombe asubuhi. Si mbaya."

Sijui nani alimfikia kwanza, Daktari Amato au Corinne. Walikuwa wawili juu yake kabla sijaweka sahani chini. Corinne alimshika mkono, akasema ni wa baridi na unatoka jasho, na sauti yake ilikuwa ile ya chini anayoitumia mambo yakiwa mabaya. Aspirini ikatoka kwenye mkoba. Duane alikwenda na kurudi na machela bila kuonekana anakimbia. Wakambandika nyaya za mashine ya kupimia moyo, wakaisoma ile karatasi inayotoka, wakatazamana. Mshtuko wa moyo, mshipa umeziba. Corinne akapiga simu kuomba helikopta, akaambiwa hairuki kwa upepo ule. Basi ni barabara.

Naona aibu kusema nilichofikiri wakati ule, lakini nitasema. Nilifikiri: Corinne akitoka nje ya mlango huu somo halijaisha, saa zake zimekwenda, na Machi imekwisha.

"Corinne," nikamwita. "Somo."

Alikuwa ameshika kichwa cha machela. "LaVonne," akasema, "shikilia mlango."

Nikaushikilia. Daktari Amato akapita mbele yangu akivaa koti, akasimama kizingitini, akawageukia wanafunzi waliokuwa wamesimama na vikombe vyao. "Darasa liko pale alipo mwalimu," akasema. "Mimi naenda na Orville. Anayetaka kumaliza somo anifuate."

Walimfuata wote. Gari la wagonjwa mbele, Duane kwenye usukani, na nyuma yake msururu wa magari ya shambani kwenye ile barabara nyeupe, na kwa kuwa hatuendi mahali mikono mitupu, kila gari na bakuli lake. Mimi nilimbeba Verna kwenye gari langu. Alipakata viazi vya kuoka, sahani ingali moto, na njia nzima alisema neno moja tu, kwamba Orville hakumaliza kahawa yake. Nilimshika mkono. Akauacha ushikwe, nikajua anaogopa kweli.

Hospitalini walimpitisha Orville moja kwa moja ndani. Sisi tukajaa chumba cha kusubiria, mabakuli yakapangwa juu ya magazeti. Baada ya muda Daktari Amato na Corinne wakatoka wakasema wanamzibua mshipa, kazi inakwenda, lakini itachukua muda. Kisha Daktari Amato akasimama mbele ya mashine ya soda, akamaliza somo lake. Nakumbuka walivyokaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwao walikaa viti vya mbele, maana viti vya nyuma havikuwepo.

Na Duane akauliza swali. "Sasa kama tatu yetu ni kumi ya watu wengine," akasema, "sisi kwenye gari tutajuaje?"

"Mtamuuliza mke," Daktari Amato akajibu, akimtazama Verna.

Verna akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyecheka, kila mtu aliandika.

Fomu zikagawiwa. Mimi nilizungukazunguka na leso za karatasi, nikichungulia bila haya. Tatu. Tatu. Mfamasia, tatu. Nikafika kwa Duane, naye ameandika tatu kwa mwandiko mzuri.

"Duane, mama huyu kamwokoa Orville."

"Najua," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ndiyo kazi yake."

Nikaenda kwa Corinne. Alikuwa akiikunja yake, lakini niliona. Nikainama nikamnong'oneza sikioni kwamba anaifunga zahanati kwa mkono wake mwenyewe.

"Nikijipandishia mimi mwenyewe alama," akanijibu taratibu, "nitakuwa nimejiandikia leseni. Nenda kakae, LaVonne."

Niliwachukia wote. Niseme wazi. Niliwatazama watu hawa ambao wangemtolea Orville damu yao na mavuno yao na usingizi wao, na ambao hawangeweza kuongeza alama moja kwenye karatasi hata kwa kupigwa, na nikatamani kuwamwagia viazi kichwani. Huko Lund watu wananunua matairi mahali walipozaliwa.

Mfamasia alizikusanya akazihesabu, akasema imepungua moja. Ilikuwa ya Orville.

"Mwacheni Orville," Corinne akasema.

"Ni mwanafunzi," Daktari Amato akasema. "Amekuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyehudhuria kuliko yeye."

Nesi akaja kutuambia ameamka na mkewe anaweza kumwona. Verna akaichukua fomu, akanivuta na mimi, nadhani alihitaji mtu wa kushika. Orville alikuwa amelala, uso mweupe kama shuka, mirija puani. Verna akamuuliza anajionaje.

"Si mbaya," akasema, halafu akakumbuka jambo, akamtazama mkewe usoni. "Ilikuwa mbaya, Verna."

Verna akampa fomu, kwa kukosa la kufanya. Orville akaomba miwani. Akaisoma yote, mbele na nyuma, swali kwa swali, na vidole vyake vitatu vilivyobaki vikijaza tatu, tatu, tatu. Niliuma mdomo mpaka nikasikia ladha ya damu. Akafika swali la mwisho, alama ya jumla ya mwalimu, akasimamisha kalamu. Akatazama dari muda mrefu. Kisha akaandika nne.

Alama moja. Ilitosha moja. Nilijua hesabu hiyo kuliko jina langu.

Verna naye aliiona. Akasimama akiikodolea ile karatasi.

"Nne," akasema.

"Naam."

"Miaka arobaini, Orville Tveit. Miaka arobaini nakupikia, nakuzalia, nakukamulia ng'ombe ukiwa na homa. Anakuja mwanamke wa siku mbili anapata nne."

Orville akavua miwani polepole. Mashine iliyo kando yake ililia mara kadhaa, nikadhani itatubidi tuite mtu.

"Wewe," akasema, "sijawahi kuletewa fomu yako."

Nilichukua ile karatasi nikatoka, nikawafungia mlango.

Corinne alikuwa amekaa peke yake kwenye korido, mikono magotini, amevaa bado koti lake, lenye majani ya ng'ombe yaliyotoka kwenye nguo za Orville. Alikuwa akingoja kuambiwa habari za mgonjwa wake, si za leseni. Nikamwambia mgonjwa yuko salama. Halafu nikamwonyesha fomu, na kidole changu kwenye mstari wa mwisho.

Akaisoma. Akairudia. Mkono ukaenda mdomoni, ule mkono ulioshona nusu ya mji wetu.

"Amezidisha," akasema, na machozi yakamshuka.

Nikakaa kando yake mpaka yakakauka. Duane akatuletea viazi, vilikuwa vimeshapoa, tukavila hivyo hivyo.